Ipo lakini haimo

Jumamosi na Jumanne, saa nne za asubuhi, huwa nina mwanafunzi Maskati. Kwao inakuwa saa tano. Ni mzee wa miaka sitini na kitu. Mama yake alizaliwa hapa Unguja, yeye kakulia Oman, na Kiswahili anakisikia chote ila kukisema ulimi unagoma. Mie namwita Ami, yeye ananiita Mwalimu, na tukionana kwenye skrini robo saa ya mwanzo inakwisha kwa kuulizana hali.

Siku moja mwanzoni mwa mwaka 2024 tulikuwa kwenye kuna, pana na mna. Katika masomo yangu yote hilo ndilo nilipendalo. Nikamwambia, "Ami, ukisema nyumbani kuna watu, umesema tu kwamba watu wako huko, mahali penyewe hujapabana. Ukisema pana watu, hapo unapaonesha kwa kidole. Na ukisema mna watu..."

Hapo nikakatika. Mie sikujua. Niliendelea kusomesha peke yangu, nikatia na mifano, mtungini mna maji, jikoni mna moshi, mpaka nilipoona Ami hapepesi macho. Yeye kwa upande wake, alivyonihadithia baadaye, alikuwa ananitazama nimebaki na mdomo wazi kama kolekole kwenye meza ya Darajani. Nilirudi baada ya dakika tisa. Akaniuliza, kwa adabu zake zote, "Mwalimu, nyumbani mna nini?"

Nyumbani mna intaneti mbili, Ami. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma.

Faiba imeingia kwetu Fuoni kwa waya unaotoka kwenye nguzo, ukapita juu ya mwembe wa jirani, ukaingia dirishani. Nailipia shilingi 70,000 kwa mwezi. Halafu kuna kisanduku cha laini, cha kampuni nyingine, kinachotiwa kadi ya simu na kununuliwa bando; nilikichukua baada ya kuchoshwa na faiba kukatika, nikakiweka juu ya kabati karibu na dirisha, ndipo kinaposhika mnara vizuri. Kwa hiyo nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa na waifai mbili zenye majina mawili. Faiba ikizima, kila mtu anahama kwa mkono. Mie natoka darasani, nabadilisha waifai kwenye kompyuta, narudi darasani, naomba radhi. Binti yangu anapiga kelele chumbani, "Mama, leo tuko ipi?" Printa haihami, imeng'ang'ania faiba, na ukitaka kuchapa karatasi siku hiyo unaanza kuielekeza upya kama mtoto wa chekechea. Na faiba ikirudi hakuna anayejua. Tunaendelea kula bando siku mbili nzima huku tuliyoilipia imekaa bure.

Mume wangu ana duka la vifaa vya bomba Mwanakwerekwe, na shauri lake lilikuwa moja tu: lipia faiba kubwa zaidi, hiyo nyingine itupe. "Bomba pana," anasema. Nikamwambia bomba pana likipasuka limepasuka, hata likiwa la inchi sita. Na kama bomba moja linatosha, lile tangi juu ya paa umelipandisha kwa kazi gani? Akanyamaza, lakini si kwa kukubali.

Aliyenipa njia ni mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi za mitandao Dar. Nilimpigia kumlalamikia tu. Akaniambia, "Khalati, wewe una intaneti mbili, lakini mwenye kubadilisha ni wewe mwenyewe. Unamfanyia kazi kijakazi wako." Wiki iliyofuata akanitumia kwa boti kisanduku cheupe cha MikroTik, aina ya hEX, ukubwa wake kama Yasini ya mfukoni, unene vidole viwili. Kinatengenezwa na kampuni ya Latvia. Hakina antena, hakina waifai yake, kina matundu matano ya waya tu. Kiligharimu laki mbili kasoro kidogo, akaniambia nimlipe taratibu, bado namlipa.

Wazo lenyewe ni jepesi kulielewa. Kisanduku hicho ni ruta, yaani kifaa cha kuelekeza intaneti, nayo inakaa katikati. Waya wa faiba unaingia tundu la 1, waya wa kisanduku cha laini unaingia tundu la 2, na nyumba nzima inaning'inia kwenye tundu la 3. Hapo nimechomeka ruta yangu ya zamani, ambayo sasa kazi yake ni kurusha waifai tu. Jina la waifai likawa moja. Simu, televisheni, printa, kompyuta, zote zinaijua ruta ya katikati, na ruta ndiyo inayojua leo tunatokea mlango upi.

Kulielewa ni jambo moja. Kulifunga tulikaa kwenye simu muda wa saa mbili na nusu, yeye Dar, mie nimepiga magoti chini ya meza na tochi mdomoni.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa cha kuchekesha. Kila kisanduku cha kampuni kina anwani yake ya humu ndani, namba ambayo ruta huitumia kukifikia. Cha faiba kilikuwa 192.168.1.1. Cha laini nacho kilikuwa 192.168.1.1. Viwanda vingi vinapenda namba hiyo. Kikikaa kimoja peke yake hakuna neno, lakini ukiviunganisha vyote viwili kwenye ruta moja ni sawa na kumwambia kondakta "nishushe msikitini" katika mtaa wenye misikiti miwili. Ruta ilikuwa inatuma, haijui inatuma wapi. Tukaingia kwenye kisanduku cha laini, tukakibadilisha kikawa 192.168.2.1. MikroTik yenyewe hutoka kiwandani na 192.168.88.1, hiyo haikugombana na mtu. Nawaambia hili kwa sababu ukimwuliza fundi wa dukani atakwambia ruta mbovu. Si mbovu. Angalia namba kwanza.

Cha pili kilituchukua muda zaidi. Ikitoka kiwandani, hEX hulihesabu tundu la 1 pekee kuwa ni la nje. La 2 hadi la 5 ni la watu wa ndani. Tukalitoa la 2 katika kundi la ndani. Tukajaribu kutoka kwenye ruta yenyewe: inafika nje kwa njia zote mbili, safi kabisa. Nikajaribu kwenye kompyuta kwa njia ya laini: kimya. Ruta inatoka, mie sitoki! Mtoto wa dada akakaa kimya kidogo, kisha akacheka peke yake. Kifaa cha ndani hakitoki nje na anwani yake ya nyumbani. Ruta hukivisha anwani ya nje kwanza, kama mwanamke anavyojitanda kabla ya kuvuka kizingiti. Na ruta yetu ilikuwa imeambiwa iwavishe wanaopitia tundu la 1 tu. La 2 lilikuwa bado halijaandikwa kwenye orodha ya milango ya nje. Kuliandika ni sekunde tano. Kulitafuta ilikuwa dakika arubaini.

Baada ya hapo tukazipanga njia. Kila njia ya kutokea hupewa namba ya umbali, na ruta hufuata yenye namba ndogo maadamu iko hai. Faiba tukaipa 1, laini tukaipa 2. Akaniambia, "Khalati, chomoa waya wa faiba." Nikachomoa. YouTube ya binti yangu ikasita, ikaendelea. Nikarudisha. Nikachomoa tena, kwa raha tu. Mume wangu alipokuja kula mchana nikamchomolea na yeye aone.

Siku ya tatu faiba ikakatika yenyewe, na hakuna kilichohama.

Nilisimama mbele ya kabati nikavitazama vile visanduku. Waya umechomekwa. Taa ya tundu la 1 inawaka kijani. Cha laini kiko hai, bando limo. Na nyumba nzima haina intaneti. Kwenye kisanduku cha faiba kulikuwa na taa moja nyekundu, hiyo mtu yeyote mwenye macho angeiona. Ruta haina macho.

Nikampigia. Akaanza kunieleza kwa maneno ya kazini kwao, nikawa siambulii kitu, mpaka aliposema, "Ruta inajua kwamba kisanduku cha faiba kipo, khalati. Haijui kama ndani yake kuna intaneti." Nikamwambia usiseme kuna. Sema mna. Kisha nikakaa chini, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo zima.

Ipo lakini haimo. Ruta inahakikisha uhai wa njia kwa kupiga hodi: inatuma kijiujumbe, inangoja kuitikiwa. Lakini ilikuwa ikimpigia hodi jirani wa kwanza tu, yule kisanduku cha kwenye kabati, umbali wa waya wa nusu mita. Kisanduku kinaitikia "karibu" kila mara, kwani chenyewe kizima, kina umeme, hakina tatizo lolote. Kwamba nyuma yake waya umekatika kwenye nguzo hakuulizwa, naye hakusema. Jaribio langu la kuchomoa waya lilikuwa la kujidanganya, maana lilikuwa linajaribu tatizo lisilotokea kabisa. Hakuna anayekuja nyumbani kwangu kuchomoa waya. Zinazotokea ni zile za kule mbele: lori limepita na waya wa nguzo, kifaa cha kampuni kimezima mjini, kazi za barabara.

Dawa yake ni kuifanya ruta ipige hodi mbali. Kwenye njia ya faiba tukaiambia imwulize 1.1.1.1, na kwenye njia ya laini imwulize 8.8.8.8. Hizo ni anwani mbili za wazi zinazojulikana dunia nzima, ya kwanza ya Cloudflare na ya pili ya Google. Kila moja tukaifunga na mlango wake: hodi ya 1.1.1.1 ni marufuku kupita kwenye laini, hata iweje. Kama faiba haifiki huko, basi faiba haimo, hata kama ipo. MikroTik hupiga hodi hiyo kila baada ya sekunde 10, na zikipita hodi mbili hazijaitikiwa inaiacha njia. Kwa hiyo tangu kukatika mpaka kuhama ni sekunde ishirini na kitu.

Tahadhari moja, maana iliniponza. Hiyo anwani unayoipigia hodi usiifanye pia kuwa ndiyo unayoiuliza majina ya tovuti, yaani inayoigeuzia kompyuta jina la tovuti kuwa namba ya kuifikia. Kompyuta yangu ilikuwa imewekewa 1.1.1.1 kwa kazi hiyo tangu zamani. Faiba ikafa, ruta ikahamia laini barabara, na mie bado sifungui hata ukurasa mmoja, kwa sababu tumeshasema 1.1.1.1 haipiti kwenye laini. Nusu siku nilimlaumu mtoto wa watu.

Sasa suala ambalo kila mtu huniuliza, akianza mume wangu: faiba ni megabiti 20, laini inafika 15 usiku ukitulia, je, sasa tuna 35? Hatuna. Kitu kimoja kinachopakuliwa kinapita njia moja. Ni kama kuwa na daladala mbili za Fuoni mlangoni. Abiria mmoja hafiki mjini upesi zaidi kwa sababu ya ile ya pili. Wakiwa abiria kumi, ndio, unaweza kuwagawa, watano huku, watano huku, na ruta hii inaweza kufanya hivyo. Ili mtu mmoja apande zote mbili kwa pamoja, lazima kule mwisho wa safari pawe na mtu wako wa kumuunga tena, yaani seva unayoilipia mwenyewe. Wapo wanaofanya. Mie nafundisha ngeli.

Ule ugawaji tulijaribu wiki moja. Kasi ya nyumba iliongezeka kweli wakati wote tuko mtandaoni. Lakini tovuti ya benki ikaanza kunitoa. Naingia, naandika neno la siri, nabonyeza salio, naambiwa muda wangu umekwisha, ingia upya. Nikadhani nimesahau neno la siri, nikalibadilisha mara mbili. Kumbe benki inamwona mtu aliyeingia kwa anwani moja, na bonyezo la pili anakuja na anwani nyingine kabisa, na kwa akili ya benki huyo ni mwizi. Mtoto wa dada alisema kuna namna ya kuipanga ili kila mazungumzo yashikamane na mlango mmoja hadi mwisho. Ninaamini. Nikamwambia nirudishie kama zamani, moja ifanye kazi, nyingine ikae benchi. Wa benchi kazi yake kukaa benchi.

Ila wa benchi naye akiingizwa uwanjani usiku bila wewe kujua, ana gharama zake. Hili lilinitokea mwezi wa Ramadhani. Tumelala baada ya tarawehe, faiba ikakatika kama saa saba za usiku, ruta ikahamia laini kimya kimya, kama ilivyofundishwa. Televisheni ya sebuleni ilikuwa imeachwa inacheza katuni moja baada ya nyingine, haina mtazamaji. Simu mbili zikaona waifai ipo na chaji ipo, zikaona huu ndio wasaa wa kujisasisha. Nilipoamka kula daku nikakuta ujumbe kwenye kadi ya laini: bando lako limekwisha. GB 30 za mwezi, tarehe bado changa. Zamani faiba ikikatika usiku hasara ilikuwa hakuna. Sasa kwa kuwa mambo yamekuwa ya kisasa tumekula bando la mwezi mzima kwa kumfurahisha kochi.

Ndipo nikajifunza kuandika sheria zangu mwenyewe ndani ya ruta, bila simu ya Dar. Nimeipa televisheni anwani isiyobadilika, kisha nikaandika sheria moja: chochote kitokacho kwa televisheni kikitaka kupita tundu la 2, kizuiwe. Sheria ya pili ni ya simu ya binti yangu, hiyo ina ratiba ya saa. Yeye anaiita dhuluma. Kompyuta yangu na printa ndizo zenye ruhusa kamili ya milango yote miwili, saa zote.

Kuna usumbufu mwingine nilioukuta kwenye matumizi. Faiba ikifa katikati ya somo, somo linakatika, na programu ya video inajiunga upya kwa njia ya pili. Vizuri. Lakini faiba ikifufuka baada ya dakika mbili, ruta inairudia mara moja, na somo linakatika tena. Na faiba inayougua huwa haifi moja kwa moja, inakufa na kufufuka kama taa ya chemli iliyoisha mafuta. Asubuhi moja Ami alinipoteza mara sita. Mtoto wa dada akaniandikia kijiprogramu kidogo cha kukaa ndani ya ruta: faiba ikirudi, isiaminiwe mpaka ikae dakika kumi bila kukosa hodi. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu katika yote tuliyoyafanya, ningechagua hicho.

Baada ya yote hayo nikajiona nimemaliza. Intaneti mbili, kampuni mbili, milango miwili. Umeme ukakatika.

Hapo mtu wa Unguja ajilaumu mwenyewe. Sisi ndio watu wa waya mmoja. Umeme wetu huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, bara, hadi Ras Fumba, na kwa miaka mingi waya ulikuwa mmoja tu. Mwaka 2008 tulikaa gizani kama mwezi. Halafu Desemba 2009 ukafa tena, na hatukuona umeme hadi Machi 2010. Binti yangu alikuwa mchanga. Nakumbuka ndoo zaidi ya nakumbuka giza, kwa sababu pampu za maji nazo zilikuwa za umeme, kwa hiyo kilichokatika kilikuwa kimoja na tulichokikosa ni viwili. Nakumbuka sauti ya majenereta Darajani, huwezi kuulizia bei ya ndimu bila kupiga kelele. Waya mpya mkubwa zaidi ulikuja 2013. Halafu mie, niliyebeba ndoo miezi mitatu, nikaenda kuchomeka intaneti zangu mbili kwenye soketi moja ya ukutani.

Nikanunua kisanduku cha betri cha kuendeshea ruta, hivi vidogo vinavyotoa volti 12. Visanduku vya kampuni vyote viwili vinataka volti 12. Chaja ya hEX yenyewe ni ya volti 24, nikaogopa, nikakigeuza kichwa chini nikasoma kibandiko: kinakubali kuanzia volti 8 hadi 30. Nikakichomeka pamoja na wenzake, na ruta ya waifai nayo. Tafadhali soma kibandiko cha kifaa chako mwenyewe, usisome changu. Betri inanishikilia kama saa tatu, zinatosha masomo mawili na salamu zake.

Na hapo nikagundua jambo nisilolitarajia. Nilidhani umeme ukikatika faiba itakufa na laini ndiyo itakayotuokoa. Ikawa kinyume. Faiba ya majumbani hupitisha mwanga, na vile vigawanyio vya kwenye nguzo havihitaji umeme kabisa. Ilimradi kule kwa kampuni wana jenereta na hapa kwangu nina betri, njia yote ya katikati haijui kama mtaa una giza. Mnara wa simu ndio unaotaabika. Mtaa mzima umepoteza waifai, kila mtu amehamia kwenye simu yake, mnara unaelemewa, na giza likizidi na betri zake nazo zinachoka. Siku hizi umeme ukikatika naiona Fuoni yote kiza, na kwangu faiba inakwenda kuliko mchana.

Ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Asubuhi nimefungua ruta kuangalia, njia zote mbili zimekufa. Umeme upo. Nyekundu hakuna popote. 1.1.1.1 haiitiki, 8.8.8.8 haiitiki. Nikaanza kufuta sheria zangu moja moja nikidhani nimeharibu mwenyewe, nikazima nikawasha, nikabadilisha hata waya. Mwishowe nikampigia mtoto wa dada kwa simu ya kawaida, hiyo ilikuwa inafanya kazi.

"Khalati, acha kugusa," akasema. "Si wewe. Ni baharini."

Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa kusini, kule baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Seacom ilianza kazi 2009, EASSy mwaka mmoja baadaye. Kabla ya Seacom pwani hii nzima ilikuwa ikiishi kwa satelaiti. Na njia ya kaskazini nayo ilikuwa mgonjwa, kwani tangu Februari mwaka huohuo kebo kadhaa zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Hata ubalozi wa Marekani pale Dar ulifunga huduma zake kwa umma siku mbili kwa ajili hiyo. Kampuni zangu mbili, zenye rangi mbili tofauti, matangazo mawili, namba mbili za huduma kwa wateja zisizopokelewa, zilikuwa zinakwenda kuchota kisima kimoja.

Siku zile masomo niliyafanya kwa simu ya kimataifa ya kawaida, dakika kumi kumi, bila sura. Ami alisema ndivyo alivyokuwa akizungumza na shangazi zake wa Unguja miaka ya nyuma, kwa sauti ya juu na jicho kwenye saa. Mtandao ulirudi kidogo kidogo kabla kebo hazijatengenezwa, kampuni zilipopata njia za kuzungukia. Faiba ilirudi kwanza. Ruta ikaingoja dakika zake kumi, haina haraka.

Mume wangu aliniuliza kama sasa nitataka na ya tatu. Nilimwambia bado.

Wiki iliyopita, Jumanne, upepo ulikuwa mkali na mwembe wa jirani unapiga ule waya. Nilikuwa naye Ami kwenye vitenzi vya kutendeka. Sasa tuna mapatano: nikiganda, hafungi kompyuta, hapigi simu. Anahesabu. Mwanzoni alihesabu kimoyomoyo, kisha nikamwambia ahesabu kwa sauti, maana namba za Kiswahili juu ya kumi zilikuwa zikimpa taabu, anasema kumi mbili badala ya kumi na mbili.

Nikaganda. Taa ya tundu la 2 ikaanza kupepesa. Nikawa natazama skrini yangu nyeusi, mikono mapajani, kwani hakuna cha kufanya, na kwa mara ya kwanza sikuinuka kwenda kabatini. Sauti ikatangulia kurudi kabla ya sura.

"...ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na..." Akanyamaza. Akasogea karibu na kamera yake, akanitazama vizuri, kama anayechungulia ndani ya mtungi.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Umo."